Aliyeosha Macho Ukutani

Kila asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, kabla hata hajatundika kofia yake, Fundi alisimama mbele ya ukuta akautazama. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu. Hakuna picha, hakuna kalenda, hakuna hata msumari. Ulikuwa mweupe tu, kati ya kabati la mafaili na mlango wa choo. Alisimama pale, kiganja cha kushoto ameuegemezea ukuta, akihesabu kimoyomoyo mpaka mia mbili. Akimaliza anavua kofia, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, anakaa, anasema, "Haya, tuone walichotuletea."

Mgeni akiingia saa ile angedhani mzee anasali, au amefukuzwa darasani.

"Msimguse," alikuwa akisema Shemeji. "Anaongea na wakwe."

Huyu Shemeji alikuwa mwenzake wa meza ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu shemeji, wanaume kwa wanawake, na mpaka leo hakuna anayejua kaoa dada wa nani.

"Ninaosha macho," Fundi alijibu bila kugeuka. "Nimetoka kwenye jua. Jicho likitoka kwenye jua linakuja na kipande cha jua ndani. Ukilitazamisha kitu cheusi, linakuonyesha doa ambalo halipo."

"Na ukutani linafanya nini?"

"Linasahau."

Habari za kuosha macho alitoka nazo kwenye kibanda chake cha saa. Miaka thelathini alikaa kibandani, lenzi jichoni, kibano mkononi, akifungua saa za watu. Hakufungua hata moja kabla ya kutazama ubao wa ukuta kwanza. Halafu simu zikaja, na kila mtu akawa na saa mfukoni, na wateja wakapungua mmoja mmoja kama meno ya mzee. Mwishoni alikuwa akifungua mlango asubuhi ili apate mahali pa kukaa tu.

Siku moja akaingia mwanamke kijana na saa ya marehemu baba yake. Alisema imepelekwa kwa mafundi wawili na haiendi. Fundi aliitazama muda mrefu, akachukua kibano, akatoa kitu, akakiweka juu ya karatasi nyeupe.

"Nini hicho? Sioni kitu," yule mwanamke akasema.

"Unywele. Wa mtoto mchanga, au wa paka. Umejizungusha kwenye kigurudumu."

Yule mwanamke aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Ndipo akauona. Hakuchukua saa akaondoka kama wateja wengine. Alivuta kigoda akakaa, akamuuliza anaweza kutazama vitu vidogo saa ngapi kwa siku bila kuchoka. Kumbe alikuwa daktari, ila si wa kutibu watu. Daktari wa mambo ya anga. Majirani walipokuja kusikia cheo chake walimletea magoti na migongo, na yeye akawajibu kwa upole kwamba wagonjwa wake wako mbali kidogo.

Basi ndivyo Fundi alivyofika chuoni, kwenye chumba cha ghorofa ya pili, chenye meza tatu na mapazia mazito. Alikaa mle miaka saba.

Kazi yenyewe, akiulizwa, aliieleza hivi. Kuna darubini iko huko juu angani, mbali na dunia, imejikinga jua kwa mwavuli mkubwa, baridi kali. Inatazama galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, na zile anazozitafuta Daktari ni za mbali kuliko zote. Mwanga wake umesafiri miaka mabilioni. Na mwanga ukisafiri hivyo unanyooshwa njiani, unatoka kwenye bluu, unapita njano, unapita nyekundu, unazidi hapo. Jicho la mtu haliuoni tena. Ndio wanaouita infraredi.

"Sasa kama hauonekani mnautazamaje?" mkewe alimuuliza siku ile ya kwanza.

Fundi alikuwa ameeleweshwa na Daktari mchana huohuo, kwa hiyo alikuwa na jibu la moto moto. Alichukua pasi iliyokuwa imechomolewa karibuni, akaisogeza karibu na shavu la mkewe.

"Unaiona ina moto?"

"Siioni, ila we, utaniunguza!"

"Shavu limejua, jicho halijajua. Ile darubini ina shavu."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, mumewe akichelewa kazini, alisema amekwenda kushika shavu la darubini.

Mtaani walimwita Mlinzi wa Nyota, kwa kumkejeli. Kinyozi wa pale kona hakukosa la kusema. "Mzee, nyota zinatoka usiku, wewe unarudi saa kumi jioni. Unalinda nini?" Fundi alimjibu kwamba darubini iko kwenye giza lake yenyewe, haijui mchana wala usiku, na wao kazi yao ni kupokea barua na kuzisoma. Kinyozi alitikisa kichwa kama mtu aliyedanganywa vizuri.

Barua zenyewe zilikuwa picha. Maelfu. Programu ya kompyuta ilizichambua kwanza, ikachagua vidoa inavyovishuku, kisha macho ya watu yakaamua. Kwa kila kidoa kulikuwa na vitufe vitatu: Halisi, Taka, Wasiwasi. Kila picha ilitazamwa na watu watatu, kila mmoja peke yake, bila kuulizana. Wawili wakikubaliana, imepita. Shemeji alikuwa wa kwanza kwa sababu alikuwa na haraka. Wa pili alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, ambaye wote walimwita Mwalimu, na ambaye alibonyeza Wasiwasi mara nyingi kuliko wote wawili wengine wakijumlishwa. Fundi alikuwa wa tatu, kwa sababu hakuwa na haraka. Kwa hiyo hao wawili wakitofautiana, neno la mwisho lilikuwa lake.

Alikipenda kile kiti. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, akakiwekea karatasi iliyokunjwa mara nne, na kila Jumatatu alikagua kama karatasi ipo. Chumba kilikuwa baridi kwa ajili ya mashine, wote watatu walivaa sweta huku nje watu wakijipepea. Alishukuru hata kwa lile sweta. Mkewe ndiye aliyelifuma, akiongea na redio, na mkono wa kulia ulitoka mrefu kuliko wa kushoto.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, kilipatikana kidoa.

Kilikuwa pembezoni kabisa mwa eneo lililopigwa picha. Kila eneo lilipigwa picha kwa rangi nne, na kwenye tatu hakikuonekana. Kwenye rangi ya mwisho, iliyo nyekundu kupita zote, kilikuwepo, kidogo, cha duara, kimetulia kama yai. Kitu kikionekana kwenye rangi ya mwisho peke yake, huenda mwanga wake umenyooshwa sana, maana yake umetoka mbali sana, maana yake ni wa zamani sana. Shemeji alisema Halisi. Mwalimu alisema Wasiwasi. Fundi akasema Halisi.

Daktari alipoyaona majibu alikimbia ukumbini na kiatu kimoja, kwa sababu ana tabia ya kuvua viatu chini ya meza na cha pili hakukiona. Kidoa akakipa jina palepale: Kifungua Mimba. Kama hesabu zake zilikuwa sawa, kilikuwa miongoni mwa galaksi za kwanza kabisa kuzaliwa.

Alikuwa akiandika ombi kwa wenye darubini, awaombe waigeuze na kuitazamisha kwa saa nyingi kwenye galaksi kumi na mbili za chumba kile. Ombi lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita. Kifungua Mimba akawekwa namba moja. Kila mtu pale alijua jambo lilivyo: chumba kiliishi kwa maombi. Ombi likikataliwa, mapazia yatashushwa mwisho wa mwaka na kila mtu ashike njia yake. Na lingekuwepo baya kuliko kukataliwa. Likubaliwe, darubini igeuzwe, itazame saa zote hizo, isikute kitu. Hapo hakuna atakayeamini tena orodha ya chumba kile.

Jumatano asubuhi Fundi alikuwa anavuka barabara kuelekea chuoni. Pikipiki ikapita, kioo chake kikapiga jua, na jua lote likamwingia machoni. Alipanda ngazi akipapasa ukingo. Akaenda mbele ya ukuta wake kama kawaida, akaweka kiganja, akaanza kuhesabu.

Doa lilikuwepo. La kijani, la duara, limetulia kama yai.

Alitazama juu, likapanda juu. Alitazama kushoto, likamfuata kushoto. Kuta hazina madoa yanayotembea. Doa lilikuwa ndani ya jicho, palepale kioo kilipopiga, na kokote alikogeuka alikwenda nalo. Alipofika mia moja na arobaini likaanza kufifia.

Hapo hesabu ikampotea.

Alijiuliza kitu ambacho kwa miaka saba hakuna mtu mle chumbani aliyewahi kukiuliza kwa sauti. Ile darubini nayo, kabla ya kutazama pale kwenye Kifungua Mimba, ilikuwa imetoka kutazama nini?

Na swali hilo lilimvuta la pili, ambalo hakulitaka. Siku ile aliyobonyeza Halisi, yeye mwenyewe alikuwa ametoka wapi?

Alitoka kliniki ya macho. Hilo mkewe pekee ndiye aliyelijua. Daktari wa macho alimwambia kuna mtoto wa jicho, kwenye la kulia ameshaiva na kwenye la kushoto anabisha hodi. Akamtia dawa ya matone ya kupanua mboni, akamwambia aende nyumbani apumzike, asisome mpaka kesho. Fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda kazini kwa kuchelewa, akasema foleni ilikuwa ndefu, akakaa moja kwa moja kitini bila kuutazama ukuta, kwa aibu ya kuchelewa. Siku hiyo aliamua picha mia tatu na kumi na mbili. Kila kitu kiling'aa kwenye ukingo, yeye akajiambia ni skrini.

"Mwambie Daktari," mkewe alimsihi jioni ileile. "Mficha maradhi kilio kitamuumbua, baba watoto."

"Nikimwambia ataninyang'anya kiti."

"Kiti chenyewe kibovu kile, umekiwekea karatasi."

"Ndio changu."

Basi Jumatano hiyo Fundi alikaa, kofia hata hajaitundika, akafungua picha ya Kifungua Mimba, akaitazama kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa la kulia. Haikumwambia kitu. Akaenda kwenye meza ya tatu.

"Mwalimu, lile daftari la safari ya darubini, tunaweza kulifungua?"

Daftari hilo lilikuwa faili refu la kompyuta, limeandika kila mahali darubini ilikogeuka, dakika kwa dakika. Hakuna aliyelihitaji. Wao walipewa vipande vya picha vilivyokwisha kukatwa.

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Unatafuta nini, Fundi?"

"Nataka kujua ilitoka kwenye jua gani."

Mwalimu hakucheka. Hiyo ndiyo sababu alimwendea yeye. Walitafuta pamoja, kidole cha Mwalimu kikishuka kwenye mistari. Wakakuta. Dakika kumi na mbili kabla ya picha ile, darubini ilikuwa imetazama nyota moja ya karibu, kali sana, ya kurekebishia vipimo. Picha iliyofuata moja kwa moja ilikuwa ya ile rangi ya mwisho, nyekundu kupita zote. Rangi tatu nyingine zilipigwa baadaye, jicho la darubini likiwa limeshapoa.

"Iweke ile nyota juu ya kidoa," Fundi akasema. "Si kwa ramani ya mbingu. Kwa mahali pake ndani ya darubini."

Mwalimu akaweka picha juu ya picha kama mtu anayepima kiraka. Nyota ilikaa juu ya Kifungua Mimba, katikati kwa katikati, haikupungua wala kuzidi.

Kwa kawaida eneo moja hupigwa mara nne kwa kila rangi, na kila mara darubini husogea kidogo. Vitu vya mbinguni husogea kwenye picha, uchafu wa ndani hubaki palepale, ndivyo unavyokamatwa. Lakini pembezoni kabisa, pale kidoa kilipokuwa, ilipita picha moja tu kwa kila rangi. Hakukuwa na cha kulinganisha.

"Ni mabaki," Mwalimu akasema polepole. "Ilitazama kikali, ikatunza doa."

"Haikuosha macho."

Shemeji, ambaye alikuwa anasikiliza tangu mwanzo huku akijifanya anaandika, akageuza kiti.

"Jamani. Na mimi nilisema Halisi. Kwa moyo mmoja kabisa." Akajishika kichwa. "Nani atamwambia mtoto wa watu? Amempigia mama yake simu juzi, nilimsikia, alikuwa analia kwa furaha."

"Mimi," Fundi akasema. "Neno la mwisho lilikuwa langu."

Kutoka chumba cha picha mpaka ofisi ya Daktari ni hatua arobaini na tatu. Fundi alizijua. Na katika hatua hizo alipata muda wa kuona kwamba njia ziko mbili. Ya kwanza, kusema yote. Ya pili, kusema habari ya nyota kali, akanyamazia habari ya jicho. Hakuna angemuuliza. Wangesema mzee kaokoa jahazi, wangempigia makofi, kiti kingebaki chake. Hatua ya thelathini na kitu alikuwa karibu amekubali.

Daktari alikuwa mezani, miguu pekupeku, karatasi kila mahali. "Mzee wangu! Karibu. Nisomee hii sentensi, naona imekaa kama kobe."

"Mwanangu, acha sentensi kwanza."

Akamweleza. Daktari hakumkatiza. Alifungua daftari la safari mwenyewe, akaweka picha juu ya picha mwenyewe. Kisha akainama, akatafuta viatu vyake chini ya meza, akavivaa vyote viwili. Fundi alijua hiyo ni dalili mbaya.

"Mmekosaje?" Daktari akauliza. Sauti haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka ghafla. "Kidoa cha mabaki kina ukingo wake, haukai kama wa galaksi. Shemeji namjua, anakimbia. Lakini wewe, mzee wangu, wewe uliyeona unywele wa paka?"

Hapo ndipo njia ya pili ilipofungwa. Fundi aliona kwamba akinyamaza, lawama itakwenda kulala kwa Shemeji. Na si hilo tu. Zile picha nyingine za siku ile, mia tatu na kumi na moja, zitaendelea kukaa kwenye orodha zikiwa zimepigwa muhuri na jicho lililofungwa, na hakuna atakayezishuku.

"Sikuwa naona," akasema. Akamwambia yote: mtoto wa jicho, matone, foleni ya uongo, ukuta alioupita bila kusimama. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi.

Daktari alisukuma karatasi pembeni.

"Wiki tatu?" Sasa sauti ilipanda. "Wiki tatu unakaa na jambo hili, kila asubuhi nakuamkia? Mimi si ni mtoto wako? Ungeniambia siku ileile, ningekupeleka nyumbani kwa mkono wangu!"

"Niliogopa utanipokonya kiti."

"Ningekupokonya kwa siku moja! Moja!" Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Macho yamemjaa maji, na papo hapo akaanza kucheka kidogo, kama mtu aliyekoswa na gari. "Ijumaa ningekituma. Namba moja. Mbele ya watu wote wa kazi hii duniani, ningesimama kuomba saa thelathini za darubini nitazame doa la jichoni." Akajifuta kwa mkono wa sweta. "Asante, mzee wangu. Nimekasirika, nitakasirika mpaka kesho, lakini asante. Umekuja Jumatano. Ungeweza kuja Jumamosi."

Alhamisi walirudia picha zote za siku ile. Mwalimu alizitazama upya, Shemeji alizitazama upya, polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake. Fundi aliwekewa kiti nyuma yao akakaa amekunja mikono, hakuruhusiwa kusema neno asije akawavuta. Ilimuuma, na aliona ni haki.

Nyingi alikuwa ameamua sawa. Mkono uliozoea unaweza kupiga pasi gizani. Tano alikosea, zote za kuachia uchafu upite, na zote zilikuwa na macho mengine yaliyozuia. Lakini ile ya mia mbili na sitini Mwalimu aliishikilia.

"Hii uliitupa kwenye Taka. Shemeji naye, siku ile, aliitupa."

"Nilikuwa na njaa," Shemeji akasema.

"Mimi nilisema Wasiwasi. Njooni muione."

Kilikuwa kidoa hafifu, chembamba, kimelala upande. Kwenye rangi mbili za mwisho kipo. Mara nne kilipigwa, na mara nne kilisogea kama inavyotakiwa kusogea. Shemeji akavuta pumzi. "Halisi," akasema, kwa adabu, kama mtu anayetoa pole.

Daktari akaitwa, akapima, akapima tena. Haikuwa kifungua mimba. "Huyu labda ni mtoto wa nne au wa tano," akasema. "Lakini ni mtoto kweli." Wakamweka namba tisa. Orodha ikarudi kumi na mbili, bila kichwa kikubwa, ila kila aliyemo ana miguu.

Ijumaa saa nne na nusu ombi likaondoka. Kama litakubaliwa, walikuwa hawajui. Daktari alivua viatu, akaja na chai chumba cha picha, akawaonyesha kitu kwenye skrini. Jana yake jioni alikuwa amepanga programu upya. Tangu sasa, mtu akitaka kubonyeza Halisi, kitufe hakitakubali mpaka kwanza kifunguke kidirisha kinachoonyesha darubini ilikuwa imetoka kutazama nini. Hatua hiyo ilihitaji jina.

Fundi alisogea, akasoma kwa jicho la kushoto. Iliandikwa: UKUTA.

Alikunywa chai yake yote, mpaka majani ya chini.

"Mwezi ujao utapasuliwa macho," Daktari akasema. "Mimi na mama wa nyumbani kwako tumeshaongea kwenye simu, usinune. Ukipona, kiti ni chako. Sitaki kusikia kingine."

"Utasikia kingine, mwanangu." Fundi akaweka kikombe. "Kibandani nilikuwa na sharti moja. Siku nitakayompa mtu saa mbovu huku najua kwamba jicho langu halioni, siku hiyo nafunga mlango. Sikusema nitafunga mpaka nipone. Nilisema nafunga."

"Hizi si saa."

"Ndiyo. Hizi ni kubwa zaidi."

Daktari alitaka kubisha, Mwalimu akamgusa mkono.

"Sikilizeni," Fundi akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda nasubiri kufa na saa zangu. Akaja huyu, akanipa miaka saba ya kutazama vitu ambavyo babu yangu hakujua kama vipo. Nimeviona mimi, mtu wa darasa la sita. Nina dai gani kwa mtu? Sina. Nina shukrani tu, na hizo sijui niziweke wapi, zimejaa." Akatoa mfukoni ile lenzi ya saa, akaiweka mbele ya Mwalimu. "Wewe uliyenitilia shaka. Chukua."

Mwalimu aliishika kwa mikono miwili. "Na kiti?" akauliza.

"Kagueni karatasi kila Jumatatu."

Saa nane mchana mkewe alikuwa getini, ameshika mwavuli, maana alijua mumewe hawezi jua kali siku hizi. Fundi aliwapa mkono mmoja mmoja. Daktari hakuridhika na mkono, akamkumbatia, pekupeku vilevile. Fundi alipita karibu na ukuta. Mahali alipozoea kuweka kiganja palikuwa na alama, rangi imefubaa kwa umbo la vidole vitano. Hakusimama.

"Fundi!" Shemeji akapaza sauti. "Hujaosha macho!"

"Leo natoka nayo," akajibu kutoka ngazini.

Alifika chini, akasukuma mlango, jua likamwangukia. Jicho la kushoto likaliona. La kulia halikuona kitu, likahisi joto tu, kama shavu lililosogezewa pasi. Mkewe alimfunika kwa mwavuli, akamshika mkono wenye sweta fupi, wakaanza kutembea. Walikuwa wameshavuka barabara alipomtazama kichwani.

"Baba watoto, umesahau kofia yako."

"Ipo kwenye msumari wake."

"Tuirudie?"

"Twende," Fundi akasema, wakaenda, na hakurudi kuifuata.